SOMO KWA AKINA MAMA: MISTARI YA TUMBO NYUMA YA KUZAA



Umezaa salama. Mtoto ananyonya, na nguvu zako zinarudi pole pole. Siku moja unaoga, unatazama tumbo lako, na unaona mistari mingi kama njia za mchwa juu ya ukuta. Mingine iko kwenye mapaja, kiuno na maziwa. Moyo unashituka. Unajiuliza: Ni ugonjwa? Itatoka? Bwana atasema nini?

Mama wengi wanaficha mistari hii chini ya kitenge. Hawamwulizi muganga, wanaona haya. Wanakwenda sokoni kununua dawa ya kupaka bila shauri la mtu. Hapo ndipo hatari inaingia. Mistari yenyewe haiui mtu. Lakini dawa fulani za kuiondoa zinaweza kumharibu mama na mtoto anayenyonya. Ndiyo sababu ya somo hili.

1. MISTARI INATOKA WAPI?

Ngozi yetu si kitambaa kimoja tu. Iko ngozi ya juu, ile tunayoiona, na chini yake iko ngozi ya kati, yenye nyuzi nyingi ndogo. Nyuzi hizi zinashika ngozi na kuirudisha mahali pake ikivutwa, kama mpira wa kiuno cha suruali ya mtoto.

Mimba ikifika mwezi wa sita au wa saba, mtoto anakua haraka. Tumbo linapanuka, na maziwa vilevile yanajaa. Katika mwili wa mama mwenye mimba kuna maji ya mwili ambayo yanalegeza nyuzi hizo. Basi nyuzi zinavutika, nyingine zinakatika. Ngozi ya juu haipasuki, lakini chini yake kuna kovu. Kovu hilo ndilo mstari unaouona.

Mistari hii inapata zaidi ya nusu ya mama wanaobeba mimba. Kama mama yako au dada yako alipata, na wewe unaweza kupata. Msichana aliyezaa akiwa angali mdogo sana anapata mingi kuliko mama mzima. Mama mwenye mapacha au mtoto mkubwa vilevile.

Si uchawi. Si laana ya bibi wa bwana. Si kwamba ulikula chakula cha mwiko, wala si kwamba ulijikuna. Kujikuna kunaweza kuleta vidonda, lakini hakuleti mistari.

2. JE, ITATOKA?

Tuseme ukweli. Mwanzoni mistari ni myekundu au myeusi kuliko ngozi, na mara nyingine inawasha. Nyuma ya kuzaa, miezi inapopita, rangi inapungua. Kwa mama wengi, mtoto akifika mwaka mmoja, mistari imekuwa membamba, na rangi yake imefifia. Lakini haiishi kabisa. Kovu ni kovu.

Je, iko dawa ya kuizuia? Mwaka 2012 waganga walikusanya majaribio 6 yaliyofanywa kwa wanawake 800 wenye mimba, waliopaka mafuta na dawa mbalimbali. Hawakuona uhakika wa kutosha kwamba mafuta yoyote yanazuia mistari. Basi mtu akikuambia, "Mafuta yangu yataondoa yote katika siku saba," fahamu kwamba anatafuta pesa yako.

Katika miji mikubwa ya ulaya waganga wengine wanatumia mashine ya mwanga kwa kupunguza mistari. Bei yake ni kubwa, na hata huko haiondoi yote.

3. MAZUNGUMZO YA MAMA NA MUGANGA

Mama: Muganga, niko na haya kukuonyesha. Tumbo yangu imejaa mistari, sawa mutu amenikwaruza na makucha. Bwana yangu anasema nimekuwa muzee.

Muganga: Hapana ugonjwa, mama. Ngozi ilipanuka juu ya kumupatia mutoto nafasi. Unapaka nini?

Mama: Ku soko kuko mafuta ya kikopo. Wanasema inaondoa mistari na inangarisha mwili. Napaka asubui na mangaribi, sasa miezi mbili.

Muganga: Na mistari inapunguka?

Mama: Hapana. Uso imekuwa mweupe. Lakini mistari mingine mipya inatokea ku mapaja, mikubwa kupita ile ya kwanza. Na mimi sina tena mimba!

Muganga: Leta kikopo tuone. Ile mistari mipya haikutoka ku mimba. Imetoka ku kikopo.

Mama zetu, tuangalie maneno haya ya mwisho. Dawa aliyonunua kwa kuondoa mistari ndiyo iliyoongeza mistari. Namna gani?

4. DAWA ZENYE HATARI NDANI YA VIKOPO

Vikopo vinafika Nyunzu kutoka Kalemie na mbali zaidi, vinapita katika mikono mingi. Ndani ya mafuta mengi ya kujichubua kuna moja ya dawa hizi tatu, na mara nyingine zote pamoja.

Ya kwanza ni dawa kali za hospitali za kutuliza ngozi. Jina lililoandikwa ni clobetasol au betamethasone. Muganga anaweza kuzitoa kwa siku chache kwa ugonjwa fulani wa ngozi. Lakini mtu akijipaka mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi. Nyuzi za ndani zinakatika, na mistari mipya, mipana, inatokea. Vidonda vinachelewa kupona. Mama kama huyo akihitaji kupasuliwa ili azae, kidonda chake kinaweza kukataa kufunga. Na mwenye mimba akipaka sana, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Ya pili ni hydroquinone. Inachubua ngozi kwanza, halafu nyuma ya muda ngozi inaweza kugeuka nyeusi-buluu, hasa usoni, na weusi huo ni vigumu sana kuondoka.

Ya tatu ni zebaki, ambayo kwa Kifaransa inaitwa mercure. Hii ni sumu. Inapita katika ngozi, inaingia katika damu, inaharibu mafigo. Inapita kwa mtoto tumboni, na inapita katika maziwa ya mama. Mikono yako iliyopaka mafuta ndiyo inayomshika mtoto, naye anaiweka kinywani. Zebaki inaharibu ubongo wa mtoto ambao ungali unakua.

Katika inchi ya Japani kuna mji unaoitwa Minamata. Huko kiwanda kilitupa zebaki baharini, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Watoto wengine walizaliwa na ubongo ulioharibika, ingawa mama zao walionekana kama wazima. Mama, usiseme, "Mimi sisikii kitu, basi mtoto ni salama." Mwaka 2013 mataifa mengi yalifanya mapatano yenye jina la mji huo ili kupunguza zebaki duniani, hata ile ya ndani ya mafuta ya kujipaka. Na kwa jirani zetu wa Rwanda, mwaka 2018 askari walianza kuondoa vikopo vya kujichubua madukani.

Namna ya kutambua: tafuta juu ya kikopo maneno hydroquinone, mercure, calomel, clobetasol, betamethasone. Kama kikopo kinasema usiguse dhahabu, feza au aluminiumu baada ya kupaka, hiyo ni alama kwamba huenda zebaki iko ndani. Lakini vikopo vingine vinadanganya, havisemi kitu. Kama hujui kusoma, au huna uhakika, usipake. Leta kikopo kwa muganga.

Kama umekwisha kupaka, usijifiche. Fika upesi na kikopo chako, na useme ukweli: nilipaka wapi, mara ngapi, miezi mingapi. Hatutakucheka. Mtu aliyezoea dawa kali mwili mzima kwa miezi mingi akiacha ghafula peke yake anaweza kuugua; muganga atamwonyesha namna ya kuacha. Mwambie pia kama unanyonyesha.

5. VITU VINGINE VYA KUACHA

Usisugue mistari na ndimu kisha kukaa juani. Maji ya ndimu na jua yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Usipake dawa ya meno, maji ya betri, wala sabuni kali ya kufulia.

Usikandwe na maji ya moto sana. Bibi zetu wanapenda kumkanda mama aliyezaa, na upendo wao ni mzuri. Lakini maji yanayoweza kuunguza mkono wa bibi yanaweza kuunguza tumbo lako. Yatumike maji ya vuguvugu tu, na kidonda cha kupasuliwa kisikandwe kabisa.

Usifunge tumbo na kitenge kwa nguvu hata kupumua ni shida. Kufunga hakuondoi mistari.

6. YANAYOFAA

Oga kila siku na maji safi na sabuni laini. Ngozi ikikauka na kuwasha, paka mafuta kidogo uliyo nayo nyumbani: mafuta ya kokwa za mawese, mafuta ya karanga, au vazelini isiyo na dawa. Hayafuti mistari, lakini yanalainisha ngozi na kupunguza kuwasha. Usipake juu ya kidonda.

Kata kucha, ili usijikwaruze.

Kula vema. Pesa ya kikopo kimoja inaweza kununua maharagi, karanga, mayai au ndagala. Pamoja na bukari, sombe na lengalenga, vyakula hivi vinarudisha damu na nguvu, na vinakusaidia kunyonyesha. Usijinyime chakula ili tumbo lirudi ndani. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6.

Tembea pole pole kila siku. Misuli ya tumbo inarudi kwa kutembea na kwa muda.

Pumzisha mwili. Ni vizuri mtoto afike miaka 2 mbele ya kubeba mimba nyingine. Uliza muganga namna ya kupanga uzazi.

7. ALAMA AMBAZO SI MISTARI TU

Mama mwenye haya ya kuonyesha tumbo lake anaweza kuficha pia ugonjwa mkubwa. Fika hospitali bila kukawia, mchana au usiku, ukiona hivi:

Ungali na mimba, viganja na nyayo zinawasha sana usiku, na hakuna upele. Huenda ini lina shida, na mtoto yuko hatarini.

Uso na mikono inavimba, kichwa kinauma sana, macho hayaoni vizuri. Hii inaweza kuleta kifafa cha mimba, mbele ya kuzaa au hata siku chache nyuma ya kuzaa.

Umezaa, na damu inatoka nyingi, au una homa, au maji yenye harufu mbaya, au tumbo linauma sana.

Kidonda cha kupasuliwa ni chekundu, cha moto, kinatoa usaha.

Mguu mmoja unavimba na kuuma.

Na kama watu wote wa nyumba wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huo ni upele. Njooni wote mtibiwe pamoja.

8. NENO KWA BABA NA KWA BIBI

Baba, mistari hiyo ni alama ya kazi ambayo wewe hukuweza kuifanya. Neno moja la kuchekesha mbele ya watu linaweza kumpeleka mama kununua sumu. Neno moja la shukrani linamponya kuliko mafuta. Bibi, mwonyeshe binti yako tumbo lako mwenyewe. Akiona kwamba nawe ulikuwa na mistari, ukalea watoto, ukazeeka na heshima, hofu yake itapungua.

Mungu aliyetuumba aliweka mtoto ndani ya mwili wa mama, si ndani ya sanduku la chuma. Mwili unaobeba uhai unaachiwa alama. Si alama ya aibu.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Mistari ya tumbo inaletwa na nini? Ni uchawi?
2. Juu ya nini yule mama wa mazungumzo alipata mistari mipya bila mimba?
3. Zebaki inamfikia mtoto kwa njia gani? Taja mbili.
4. Ni kitu gani kilicho nyumbani mwako unaweza kupaka bila hatari?
5. Ni alama gani zinakupasa kufika hospitali usiku huohuo?

KAZI YA NYUMBANI: Leo ukifika nyumbani, tazama kila kikopo unachojipaka wewe na unachompaka mtoto. Safari ijayo ya kilinike, uvilete vyote ndani ya kikapu. Tutavisoma pamoja.