Nywila Haitoshi: Ninavyoziba Mianya ya Ruta

Wateja wangu wengi wa Shangani na Mikindani, hapa Mtwara, wakishabadilisha nywila ya wifi huhesabu kazi imekwisha. Kuna mwanya usioijali nywila hata kidogo.

Ruta ni kompyuta ndogo. Ukurasa wake wa mipangilio una visanduku vya kujaza: anwani ya kupima mtandao, jina la nchi. Unachoandika hutiwa ndani ya amri, nayo hutekelezwa. Mtengenezaji asipokichuja, mtu huandika anwani, nukta mkato, kisha amri yake mwenyewe, na ruta inatii zote mbili kwa mamlaka ya juu kabisa.

Ruta ya TP-Link Archer AX21 ilikuwa na mwanya huo kwenye sehemu ya nchi, bila hata kuuliza nywila ya msimamizi. Umesajiliwa kama CVE-2023-1389. Sasisho lilitoka Machi 2023. Aprili wenye kirusi cha Mirai walikuwa tayari wanautumia kukusanya ruta za kushambulia tovuti za watu. Mwaka 2017, Huawei HG532 iliingiliwa na Satori, ndugu yake Mirai, kupitia UPnP, huduma inayoruhusu vifaa na gemu kujifungulia njia kwenye ruta.

Huku Mtwara umeme unaokatika huficha tatizo. Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ruta ikizimika kirusi kinafutika. Umeme ukirudi intaneti inakimbia, mwenye nyumba anaridhika. Lakini mwanya upo pale pale, na kirusi kinaweza kurudi ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo naanza na kibandiko cha chini: modeli na toleo la kifaa, maana V1 na V2 huwa na mafaili tofauti ya sasisho. Naingia 192.168.0.1 au 192.168.1.1, nalinganisha toleo la programu na lililo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Nasasisha kwa waya, ruta ikiwa kwenye betri ya akiba (UPS). Umeme ukikatika katikati, inaweza isiwake tena. Kisha nazima usimamizi wa mbali na UPnP. Mtoto wa gemu atalalamika. Mwache. Nywila ya msimamizi naibadilisha mwisho.

Ruta ya kampuni ya simu mara nyingi hukataa faili la mtengenezaji, hivyo waulize wao. Ya mtumba, itafute kwanza mtandaoni: ukikuta sasisho lake la mwisho ni la 2017, mwachie muuzaji.