Somo la Uyoga na Kambale Wakati wa Mvua za Kwanza

Katika sehemu za miombo, kama vile Tabora, mvua za kwanza za mwezi Novemba huleta mambo mawili kwa pamoja: uyoga huchipua vichuguuni, na kambale huacha mito na kupanda kwenye mbuga zilizofurika ili watage mayai. Watoto wa huko huyajua haya kabla hawajaingia darasa la kwanza. Mwalimu atakayewapeleka kando ya kijito asijidhani kuwa yeye peke yake ndiye mwenye maarifa.

Tuanze na uyoga, maana hapo kosa la mwalimu laweza kuua. Wakati mmoja, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mwanachuo ameandika ubaoni: "Uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu." Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zilikuwa tele, nasi tulikuwa karibu kumpa alama za juu. Bibi mmoja aliyealikwa kuonyesha uyoga alitikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, konokono si mtu." Tuliona haya, kwa kuwa andalio lile tulikuwa tumelipitisha sisi wenyewe.

Sentensi ile ifutwe katika kila daftari. Konokono hula uyoga unaomuua binadamu. Wala hakuna ukweli katika habari za kitunguu au sarafu ya fedha inayodaiwa kubadilika rangi chunguni. Kuchemsha nako hakuondoi sumu ya Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya uliosafiri pamoja na miche ya miti hadi mabara mengine, Afrika ikiwamo. Mlaji huanza kutapika na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kisha huonekana kupata nafuu huku ini lake likizidi kuharibika. Hata kifuko kilichoko chini ya shina hakitoshi kuwa alama: katika miombo ya Tanzania na Zambia upo uyoga wa jamii hiyo hiyo ya Amanita unaoliwa.

Basi tufundishe uyoga mmoja mmoja, kwa jina lake la pale kijijini. Uyoga wa kichuguu, Termitomyces, wafaa kuanzia. Wanafunzi waufuate mzizi wake mrefu kwa kuchimba polepole kuelekea kwenye kiota, ambamo mchwa huukuza kwa chakula chao. Aina moja, Termitomyces titanicus, iliyoelezwa kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, kofia yake yaweza kukaribia upana wa mita 1. Duara hilo lichorwe uwanjani. Kuonja ni marufuku. Wa kupikwa wachumiwe na wazee wao.

Kambale aombwe kwa mvuvi, apasuliwe. Juu ya matamvua ana kiungo cha kupumulia hewa, ndiyo maana hupita kwenye nyasi zenye maji haba. Jike kubwa hubeba mayai makumi ya maelfu: wanafunzi wahesabu yaliyojaa kijiko kimoja cha chai, kisha wakadirie yote. Waulizwe: migono ikiziba kijito kizima siku samaki wanapopanda, mwakani mbuga itapata nini? Mwalimu asiharakishe kujibu. Mvuvi aliyetoa samaki awepo, naye aulizwe.

Kijito chenyewe kikaguliwe asubuhi ile ile. Maji yakiwa yamepanda, somo lote lifanyiwe kichuguuni.