SOMO LA KIINGEREZA: MAGUNIA YALIYOPASUKA AU YALIYOPASULIWA?

Wasomaji wetu wengi husoma Kiingereza kila siku, hata kama hawakisemi sana. Hukisoma katika tangazo lililobandikwa ukutani, katika mkataba wa kazi, katika stakabadhi ya mzigo na katika barua za serikali. Maandishi ya namna hiyo hupenda mno kauli ya kutendwa, na mara nyingi kauli hiyo imo ndani ya sentensi ndogo iliyotiwa katikati ya sentensi kubwa. Asomaye kwa haraka huiruka ile ndogo, na pengine humo ndimo lilimo neno la kumletea faida au hasara. Basi leo yafaa tujifunze namna ya kuisoma na namna ya kuiandika.

Sentensi ndogo ni nini?

Ni fungu la maneno lenye kitenzi chake, lakini haliwezi kusimama peke yake. Walimu huliita kishazi tegemezi. Kwa Kiingereza huanza na neno kama "who", "which", "where", "when", "after" au "if". Kwa Kiswahili kazi hiyo mara nyingi hufanywa na silabi iliyomo ndani ya kitenzi chenyewe, kama -ye-, -yo-, -po- au -ki-.

Tuchukue mfano wa Kibarani, pale njia kuu itokayo kisiwani Mombasa inapokwisha kuvuka Makupa na kuelekea Changamwe:

"The place where the town's rubbish was dumped for many years has been closed."

Maana yake: Mahali ambapo taka za mji zilitupwa kwa miaka mingi pamefungwa. Sentensi kubwa ni "The place has been closed". Sentensi ndogo ni "where the town's rubbish was dumped for many years". Zote mbili zina kauli ya kutendwa, na katika zote mbili mtendaji hakutajwa: hatuambiwi ni nani aliyetupa wala ni nani aliyefunga. Jambo hili msomaji alitie moyoni, kwa maana tutalirudia.

Kanuni ya kwanza: neno moja kwetu, maneno mawili kwao

Sisi husema "iliyoanzwa", neno moja tu, na ndani yake mna wakati, mna kirejeshi, na mna alama ya kutendwa. Mwingereza hana budi kuyatenga mambo hayo:

"The railway, which was begun at Mombasa in 1896, reached Kisumu in 1901."

Wanafunzi wengi huandika "which begun", kwa kuwa akilini mwao "iliyoanzwa" ni neno moja. Hilo ni kosa. Lile neno "was" ndilo lichukualo wakati, na bila hilo kitenzi hakina miguu. Iko njia moja tu ya kulifupisha, nayo ni kuyaacha yote mawili, "which" pamoja na "was":

"The railway begun at Mombasa in 1896 reached Kisumu in 1901."

Basi shika yote mawili, au yaache yote mawili. Usishike moja na kuacha la pili.

Kanuni ya pili: "na" ya mtendaji na "kwa" ya chombo

"When Fort Jesus was taken by the Omanis in 1698, it had been besieged for nearly three years."

Yaani: Ngome ya Mombasa ilipotekwa na Waomani mwaka 1698, ilikuwa imezingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Waomani ni watendaji, kwa hiyo Kiswahili chatumia "na" na Kiingereza chatumia "by". Lakini likiwa ni jambo la chombo, kama vile mlango uliofunguliwa kwa ufunguo, Kiingereza hutumia "with": "the door which was opened with a key". Ufunguo haukufungua wenyewe. Uko mkono ulioushika.

Kanuni ya tatu: wakati ujao

Hapa ndipo lugha zetu mbili zinapoachana kabisa. Sisi husema: Magunia yatakapohesabiwa, mtalipwa. Vitenzi vyote viwili ni vya wakati ujao. Mwingereza, baada ya "when", "if", "after" au "until", hutumia wakati uliopo:

"When the bags are counted, you will be paid."

Usiandike "When the bags will be counted". Wala, unapoliona neno "are", usidhani kwamba kazi yafanyika sasa hivi. Kuhesabu hakujatokea bado, na malipo hayatoki kabla ya kuhesabu.

Kanuni ya nne: vitenzi vinavyopotosha

Kiswahili kina kauli za kutendwa ambazo Kiingereza hakina. Twasema "mtu aliyeibiwa", na huyo mtu yupo mbele yetu salama, ila mali yake imekwenda. Mwanafunzi akifasiri "the man who was stolen", Mwingereza ataelewa kwamba mtu mwenyewe ndiye aliyechukuliwa na wezi. Sema "the man who was robbed", au "the man whose money was stolen". Vivyo hivyo "mtoto aliyefiwa na baba" ni "the child whose father died". Kitenzi "die" hakigeuzwi kuwa cha kutendwa hata siku moja.

Kanuni ya tano: kuvunjika na kuvunjwa

Hii ndiyo kanuni kubwa ya leo. Kiswahili hupambanua mambo mawili: kikombe kilichovunjika, na kikombe kilichovunjwa. La kwanza latueleza hali ya kikombe, na halimtaji wala kumtuhumu mtu. La pili latueleza kwamba yuko aliyekivunja, hata kama jina lake halikutajwa. Kiingereza hutumia umbo moja kwa yote mawili: "the cup which was broken".

Sasa tuseme kwamba katika bohari moja huko Kibarani limebandikwa tangazo hili:

"The cost of any bags which are torn will be paid by the loaders."

Mpakizi mmoja asoma hivi: Gharama ya magunia yatakayopasuliwa italipwa na wapakizi. Moyo wake watulia, kwa sababu yeye hapasui magunia. Mwenziwe asoma: Gharama ya magunia yatakayopasuka italipwa na wapakizi. Huyu aona hatari, maana gunia lililooza kwa unyevu laweza kupasuka lenyewe likiwa begani. Maneno ya Kiingereza yaweza kubeba maana zote mbili, na sentensi kubwa imekwisha taja nani atalipa kabla sentensi ndogo haijataja nani alipasua.

Jambo hili si la darasani tu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya uharibifu au upotevu wa mali uliosababishwa na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kwa hiyo swali la "nani alilipasua, na kwa nini?" lina uzito wa fedha. Tena kifungu cha 9 cha sheria hiyo chaagiza kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ambayo mkataba umeandikwa, aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoielewa, na jukumu hilo ni la mwajiri. Basi si aibu kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Dawa yake ni nyepesi. Kila uonapo kauli ya kutendwa katika sentensi ndogo, jaribu kuongeza "by" pamoja na jina la mtendaji. Ikiwa hujui utie jina gani, uliza. Nawe ukiwa karani unayeandika tangazo, mtaje mtendaji waziwazi, ili asije mtu akadhulumiwa:

"The cost of any bags which are torn on purpose by a loader will be paid by that loader."

Maneno yameongezeka kidogo, lakini ugomvi umepungua sana.

ZOEZI

1. Fasiri kwa Kiswahili: "The lorry which was stopped at Makupa was carrying cement."
2. Sahihisha: "The tools which stolen last night have been found."
3. Fasiri kwa Kiingereza: Mtapewa mshahara kazi itakapokuwa imekaguliwa.
4. Fasiri kwa Kiingereza: Mwanamke aliyeibiwa sokoni amekwenda polisi.
5. Fasiri kwa njia mbili: "the window which was broken".

MAJIBU

1. Lori lililosimamishwa Makupa lilikuwa limechukua saruji.
2. "The tools which were stolen last night have been found", au "The tools stolen last night have been found".
3. "You will be paid when the work has been inspected." Ukiandika "will have been inspected" umefuata Kiswahili.
4. "The woman who was robbed at the market has gone to the police."
5. Dirisha lililovunjika, dirisha lililovunjwa. Ukiulizwa ni lipi lililo sawa, jibu kwamba yapasa kwanza kujua kama yuko aliyelivunja.

Msomaji aliyekosa mawili au zaidi na asome tena kanuni zinazohusika, kisha atafute tangazo lolote la Kiingereza lililo karibu naye, apige mstari chini ya kila sentensi ndogo, na kando yake aandike jina la mtendaji. Mahali atakaposhindwa kuandika jina, hapo ndipo penye swali la kumwuliza aliyeliandika.