“Mtandao Uko Chini”: Maneno ya Kujua Ukiwa Dirishani

Mkazi anayefika ofisini kuulizia fomu ya basari au rekodi ya kodi ya ardhi huenda akaambiwa, “Mtandao uko chini, rudi kesho.” Jibu hilo ni fupi mno. Laweza kumaanisha mambo kadhaa tofauti, na ukiyajua maneno machache ya kazi hii utajua la kuuliza kabla ya kutumia nauli nyingine.

Tuanze na faili. Katika masjala, faili ni lile jalada lenye karatasi nyingi. Kwenye kompyuta ni kinyume: faili ni rekodi moja, kama barua au orodha ya majina, na kinachozikusanya faili pamoja huitwa folda.

Rekodi yako kwa kawaida haikai kwenye kompyuta iliyo mbele ya karani. Hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ili kuzihudumia nyingine. Mtindo huu si mpya. Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa NFS, utaratibu unaofanya folda iliyo kwenye seva ionekane kana kwamba iko ndani ya kompyuta unayotumia. Ndiyo maana kompyuta ya dirishani ikiharibika, hata ikiibwa, karani aweza kuhamia meza ya pili na kuikuta rekodi yako ilipokuwa.

Kompyuta za jengo moja huunganishwa na kifaa kiitwacho swichi, na huo ndio mtandao wa ndani. Ruta huunganisha mtandao huo na mitandao mingine, ikiwemo intaneti. Kila kifaa hupewa anwani ya IP, mithili ya sanduku la posta. Ukiona anwani inayoanza na 192.168, hiyo ni ya matumizi ya ndani tu.

Hapo ndipo “mtandao uko chini” inapohitaji ufafanuzi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kujikokota Kenya na nchi jirani. Ofisi ambayo seva yake iko jengo hilo hilo yaweza kuendelea kufungua faili hata intaneti ikikatika kabisa. Ile inayotegemea seva ya mbali hukwama. Kwa hiyo uliza kwa upole: tatizo ni la kompyuta hii, la jengo hili, la intaneti, au la seva? Likiwa la kompyuta moja, huna haja ya kurudi kesho.

Neno jingine ni ruhusa. Seva hupanga nani asome faili tu, nani aibadilishe, na nani asiione kabisa. Makarani wawili wakitumia nywila moja, mpango huo hauna kazi tena, kwa sababu haijulikani aliyebadilisha rekodi ni yupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona data yako na kuomba ilipokosewa irekebishwe.

Lakini neno ambalo dawati hili lingependa kila mkazi alijue ni nakala rudufu, yaani nakala ya akiba. Seva nyingi huwa na diski mbili zinazoandika kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine iendelee. Wengi hudhani hiyo ndiyo akiba. Sivyo. Faili ikifutwa kimakosa, hufutika kwenye diski zote mbili papo hapo. Moto ukizuka, zote huungua pamoja. Wataalamu hupendekeza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo.

Nakala hizo hugharimu pesa, na pesa hizo hupitia bajeti ya kaunti. Kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, ununuzi wa kompyuta ukitajwa, mkazi ana nafasi ya kuinua mkono na kuuliza: nakala ya nje ya jengo inakaa wapi, na ilijaribiwa kurejeshwa lini mara ya mwisho?