Somo la Khati: Kalamu ya Tete na Masomo ya Chuo

Katika Kurani Tukufu iko sura iitwayo Al-Qalam, yaani Kalamu. Nayo Sura ya Al-Alaq imeitaja kalamu kuwa ni njia ya mafundisho ya Mola kwa mwanadamu. Hayo yatosha kumjulisha Mwislamu utukufu wa kuandika.

Wazee wa pwani waliujua utukufu huo. Kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra (1107), na mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, walinakili Misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19. Misafara ya pwani ilifika hata Ufipa, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, na barua za Kiswahili za zama hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo mjukuu aliyesoma hata chuo kikuu hupewa waraka wa shamba la babu yake, akaugeuza juu chini asijue pa kuanzia. Hasara hiyo si ya karatasi. Ni ya haki na nasaba.

Wako wasemao kwamba mwanafunzi hana nafasi. Neno hilo si sahihi. Kijana wa pwani aliyekwenda Sumbawanga kusoma chuo hana haja ya kuacha hesabu zake. Saa moja baada ya Alasiri, mara mbili kwa juma, pamoja na wenzake katika baraza moja, yatosha kwa kuanzia. Chombo nacho si ghali: matete humea kando ya maziwa hayo mawili. Tete hukaushwa, likachongwa ncha kwa mshazari, kisha ncha ikapasuliwa katikati ili wino ushuke. Wino ni masizi ya taa yaliyosagwa pamoja na gundi ya mgunga na maji.

Kipimo ni nukta. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekufa mwaka 328 (940), ndiye ahesabiwaye kuwa aliziwekea herufi mizani. Mwanafunzi huikandamiza kalamu apate nukta ya pembe nne, akazipanga nukta moja juu ya moja. Alifu isizidi wala isipungue hesabu yake. Kwa mafundi wengi ni nukta 5 katika Naskhi, na 7 katika Thuluthi. Wala asivuke kwenda herufi ya pili kabla mwalimu au mwenziwe hajaipima ya kwanza, kwani jicho la mwandishi husamehe kosa lake mwenyewe. Hiyo ndiyo faida ya baraza.

Ibn Muqla alikatwa mkono wa kulia kwa fitina za utawala. Yasimuliwa kwamba aliifunga kalamu katika kigutu akaendelea kuandika. Basi mwenye mikono miwili atatoa udhuru gani?