Utafiti Ukibisha Hodi: Haki na Nafasi ya Mgonjwa

Wakazi wa Kwale si wageni wa utafiti wa afya. Kuanzia Msambweni hadi Lunga Lunga, watafiti wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, wakipima damu na kuomba kikopo cha choo au cha mkojo. Wengine hukaribishwa kwa kahawa, wengine hufungiwa mlango. Swali la wazee barazani huwa ni lile lile: utafiti huu unamfaa nani?

Swali hilo ni la haki. Somo la toleo hili linaeleza jinsi madaktari watafiti wanavyoshirikiana na idara za afya ili huduma imfuate mgonjwa badala ya mgonjwa kuifuata huduma. Mifano ni ya hapa Pwani. Mwisho yapo maswali ambayo kila mkazi anaweza kumuuliza mtafiti kabla ya kukubali.

Huduma inayomweka mgonjwa mbele

Huduma ya aina hii haiishii kwenye lugha nzuri ya muuguzi, ingawa lugha nzuri nayo ni dawa. Ina mambo matatu. La kwanza, mhudumu ajue maisha ya mgonjwa yalivyo. La pili, mgonjwa aelezwe hali yake na ashirikishwe katika uamuzi. La tatu, matokeo yapimwe kwa yale yanayomgusa mgonjwa mwenyewe: amepona, ana nguvu za kufanya kazi, mtoto anakua na kusoma.

Chukua Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako akina mama wengi hulima mwani. Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani, inafuata maji. Wakati wa bamvua, maji hutoka asubuhi, na panapofika saa nne hivi mkulima yuko shambani baharini akifunga mbegu kwenye kamba. Saa hizo hizo ndizo kliniki nyingi huhudumia wajawazito na watoto. Mama akikosa siku yake, ni rahisi kusema kwamba hajali. Mtafiti anayeanza na mgonjwa atauliza kwanza: siku hiyo maji yalikuwaje? Huenda dawa ya tatizo ikawa kalenda ya kliniki inayoangalia bamvua na maji mafu, wala si kumlaumu mama.

Swali kama hilo halitoki maabara. Linatoka kwa mtu anayeishi na tatizo. Kazi ya daktari mtafiti ni kulichukua, kulipima kwa makini, kisha kulirudisha kwenye huduma likiwa na jibu.

Minyoo: swali kuhusu watu wazima

Kati ya 2015 na 2017, Kwale ilikuwa uwanja wa utafiti ulioitwa TUMIKIA, kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine walishirikiana na wahudumu wa afya wa serikali.

Wakati huo dawa za minyoo zilikuwa zikitolewa shuleni. Mpango huo ulisaidia watoto wengi, lakini uliacha pengo. Minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi, hasa nyayo za mtu anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi. Minyoo hiyo hunyonya damu ndani ya utumbo, na mtu akiwa nayo kwa muda mrefu huishiwa damu na nguvu. Mkulima na mama mjamzito huathirika sana, nao hawako darasani dawa inapogawiwa. Mtoto akitibiwa shuleni hurudi kwenye ua ule ule ambao watu wazima hawajatibiwa.

Watafiti waligawa vitengo 120 vya afya ya jamii katika makundi matatu kwa njia ya kura, ili pasiwe na upendeleo. Kundi la kwanza liliendelea na dawa za shuleni mara moja kwa mwaka. La pili lilipelekewa dawa nyumbani mara moja kwa mwaka, wakubwa kwa wadogo. La tatu lilipelekewa nyumbani mara mbili kwa mwaka. Waliobisha hodi ni wahudumu wa afya wa kijiji, watu wanaojulikana kwa majina.

Baada ya miaka miwili, kiwango cha watu wenye safura kilikuwa hivi:

- Dawa za shuleni pekee: kilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8.
- Dawa nyumbani mara moja kwa mwaka: kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0.
- Dawa nyumbani mara mbili kwa mwaka: kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019. Dawa ilikuwa ile ile, albendazole. Kilichobadilika ni nani anayefikiwa, wapi, na mara ngapi. Hilo ndilo somo kubwa: mara nyingine ugonjwa haushindi dawa, unashinda njia ya kuifikisha.

Kichocho: kupima kinachomuuma mgonjwa

Msambweni ina historia ndefu zaidi. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani wamechunguza kichocho hapa pamoja na Wizara ya Afya ya Kenya. Zamani ugonjwa ulipimwa zaidi kwa kuhesabu mayai kwenye mkojo. Mayai yakiwa machache, mtu alihesabiwa kuwa hana shida kubwa.

Madaktari wakaanza kutazama mwili mzima. Walitumia mashine ya picha za mawimbi ya sauti, kama ile inayotumika kwa wajawazito, kuona kibofu na figo za watoto vijijini. Pia waliangalia upungufu wa damu na ukuaji. Mwaka 2005, watafiti wa chuo hicho walikusanya ushahidi kutoka nchi nyingi na kuonyesha kwamba madhara ya kichocho cha muda mrefu, yakiwemo maumivu, upungufu wa damu na kudhoofika, yalikuwa makubwa kuliko yalivyokadiriwa awali. Mtoto anayekojoa damu hana tena sababu ya kuambiwa kwamba hiyo ni dalili ya kubalehe. Apelekwe kituo cha afya apimwe. Dawa ya praziquantel ipo.

Kilifi: daktari anapohoji tiba yake

Mfano wa tatu unatoka kwa majirani wa Kilifi, ambako KEMRI na shirika la Wellcome la Uingereza wana kituo cha utafiti kando ya hospitali ya kaunti tangu 1989. Mwaka 2009 ulianza utafiti uitwao FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Swali lilikuwa zito. Mtoto akifika na homa kali na mzunguko wa damu umedhoofika, mwongozo ulishauri atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Je, kweli yanamwokoa?

Watoto 3,141 walishiriki. Katika saa 48 za kwanza, karibu watoto 11 katika kila 100 waliotiwa maji mengi kwa haraka walifariki. Kwa wale ambao hawakutiwa maji kwa namna hiyo, walifariki 7 katika kila 100. Kamati ya usalama ilisimamisha utafiti kabla ya muda wake mwaka 2011, na matokeo yakatangazwa mwaka huo huo.

Mzazi asielewe vibaya. Utafiti huo haukuhusu watoto wanaoharisha na kupungukiwa maji. Hao wanahitaji maji na chumvi ya kuongeza maji mwilini, na wengine hutiwa maji ya mshipa. Mafunzo yake ni kwamba hata tiba iliyozoeleka inapaswa kupimwa, na kwamba kipimo cha mwisho ni uhai wa mtoto.

Haki ya mkazi anapobishiwa hodi

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, kwa lugha anayoielewa, na pia amweleze haki yake ya kukataa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda taarifa za afya ya mtu.

Kwa utafiti, idhini hutolewa kwa hiari baada ya maelezo. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye huombwa. Kabla ya kutia sahihi au kidole, mkazi aulize:

1. Utafiti unatafuta nini, na kwa nini hapa kwetu?
2. Nani ameuidhinisha? Barua ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI na kibali cha idara ya afya ya kaunti viko wapi?
3. Nitafanyiwa nini, na kuna hatari gani?
4. Damu au kipimo changu kitapelekwa wapi, na nani ataona jina langu?
5. Nikikataa, au nikijitoa katikati, je, huduma yangu zahanati itabaki ile ile? Jibu sahihi ni ndiyo.
6. Nikipatikana na ugonjwa, nitatibiwa wapi?
7. Matokeo yataletwa lini kijijini, na nani atayaeleza?

Swali la saba husahaulika sana. Utafiti unaochukua majibu na kuondoka umemaliza nusu ya kazi. Chifu, mzee wa kijiji na kamati ya zahanati wana nafasi ya kuuliza barazani, hata baada ya watafiti kufunga mizigo.

Na mkazi asingoje mtafiti ndipo aseme. Saa za kliniki zikigongana na maji ya bahari, dawa ikimletea kizunguzungu, au maelezo yakitolewa kwa lugha asiyoielewa, amweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake au kamati ya zahanati. Swali la minyoo ya watu wazima nalo lilianza kwa kuona nani ameachwa nje.