SOMO LA JIKONI: WALI WA NAZI NA SAMAKI WA KUPAKA



Katika skimu nyingi za pwani mwenye shamba ana minazi mlangoni, ana mpunga bondeni, ana mdimu nyuma ya nyumba na pilipili kando ya jiko. Hata hivyo, wageni wakija, yeye huuza nazi zake kwa mchuuzi, na fedha anazopata huzipeleka dukani kununua mafuta ya kupikia. Ukimwuliza habari za wali wa nazi na samaki wa kupaka, atakujibu kwamba hicho ni chakula cha arusi, au cha hoteli za Mombasa na Malindi. Sivyo. Ni chakula cha nyumbani, na bibi yake alikipika kwa mazao ya shamba kama hilo hilo lake. Kitu kikubwa cha kununua ni kimoja tu, nacho ni samaki.

Somo hili ni la watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wenyeji wa pwani, ambao wanayo mapishi haya lakini hayakuandikwa popote. Wa pili ni wale waliotoka bara wakapewa mashamba pwani, kama jamaa wa Skimu ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, iliyoanza katika miaka ya 1970. Hao wanazo nazi, lakini wengi wao hawakukulia katika jiko la nazi. Hata mkulima wa Mwea mwenye pishori yake, na yule wa Ahero aliye karibu na ngege wa Ziwa Victoria, aweza kununua nazi sokoni akafuata somo hili bila taabu.

Kwanza tuseme habari ya vipimo, maana hapa ndipo mapishi yanapopotea. Mkaza mwana akiuliza, "Chumvi kiasi gani, mama?" hujibiwa, "Tia kiasi, mwanangu." Na tui je? "Pingili moja ya kidole juu ya mchele." Kidole cha nani, na katika sufuria ya upana gani, hayo hayasemwi. Bibi hakosei, kwa sababu mkono wake umeifanya kazi hiyo miaka hamsini. Lakini mkono huo hatutakuwa nao siku zote. Basi wewe uliye na mama au bibi anayejua kupika, keti naye jikoni Jumapili ijayo ukiwa na kikombe, kijiko na daftari. Kabla hajamwaga chumvi, ipokee uipime kwa kijiko. Kabla hajatia tui, lipime kwa kikombe. Huenda akacheka, au akanung'unika kwamba wamchelewesha. Mvumilie. Vipimo tunavyotoa hapa ni vya kuanzia tu. Vya nyumba yenu ndivyo vya kuhifadhi, kwa kuwa kila nyumba ina mkono wake: wengine hutia nyanya katika mchuzi wa kupaka, na wengine huapa kwamba nyanya haina kazi hapo.

Hesabu ya mwaka

Tuseme watu wa nyumbani ni sita au saba, nao hupika chakula hiki mara moja kwa juma. Mchele ni kilo 1, yaani vikombe 5 hivi. Mwaka una majuma 52, basi zahitajiwa kilo 52. Gunia moja la mpunga la kilo 80, likikobolewa vizuri, hutoa mchele karibu na kiasi hicho. Nazi ni 3 kila mara, yaani 156 kwa mwaka, na minazi mitano inayopaliliwa na kutunzwa yaweza kuzitoa. Kwa hiyo gunia moja liwekwe kando kabla mnunuzi hajaitwa. Baba asiseme kwamba atanunua mchele baadaye. Ikifika hiyo baadaye bei huwa imepanda, na fedha za mavuno zimekwisha kwa karo na madeni.

Nazi na tui

Dafu ni la kunywa. Koroma halifai kwa tui, kwa kuwa nyama yake bado haina mafuta ya kutosha. Chagua nazi iliyokomaa kabisa, yenye kumbi kavu, na uitikise sikioni: ukisikia maji yakicheza ndani, ni nzuri. Ile isiyo na sauti huenda imepasuka au imechipua. Ukiisha kuivunja, onja kipande. Nazi moja iliyooza huharibu tui la nazi zote tatu, na ndiyo maana bibi huonja kila moja kabla ya kuketi juu ya mbuzi.

Kuna nazi, usikwangue mpaka ule ubamba mweusi wa kifuu, maana utatia tui rangi. Mimina vikombe 2 vya maji ya vuguvugu, yafikiche kwa mkono, kisha kamua kwa kifumbu au kwa kitambaa safi. Hili ndilo tui zito, au kasimile. Liweke peke yake. Rudia mara mbili kwa maji mengine upate vikombe 7 na nusu vya tui jepesi. Watu wenye haraka huchanganya yote pamoja, na hapo ndipo wanapolaumu nazi bure. Tui jepesi ni la kuivisha wali. Tui zito ni la kuingia mwishoni, kwa kuwa likichemshwa muda mrefu hukatika, mafuta yakaja juu na vidonge vikabaki chini.

Makumbi na vifuu usivitupe. Makaa ya vifuu yana moto mkali usio na moshi mwingi, na hayo ndiyo tutakayomchomea samaki.

Kununua samaki

Hapa twaomba msomaji asiharakishe, kwa sababu kosa la wali hukunyima ladha tu, lakini kosa la samaki laweza kukupeleka hospitali.

Kwa kupaka wafaa changu, kolekole, tewa au tafi. Nunua mmoja au wawili, jumla kilo 1 na nusu. Mtazame macho: yawe yanang'aa na kutokeza, si yaliyozama na kuwa na ukungu. Funua mashavu: yawe mekundu. Mbonyeze kwa kidole: nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Mchuuzi akikataa usimguse samaki wake, mwachie.

Skimu nyingi ziko mbali na bandari, na jua la njiani ndilo adui. Mwambie mchuuzi atoe matumbo na mashavu pale pale, kisha umsafirishe samaki katika barafu. Ikiwa hakuna barafu, mfunge katika gunia lililoloweshwa maji safi, nawe urudi moja kwa moja nyumbani umpike siku ile ile. Usimfunge katika mfuko wa plastiki ukaenda kukaa mkutanoni mpaka alasiri.

Jihadhari zaidi na jodari, nguru na vibua. Samaki hawa wakikaa katika joto hufanya sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, wala kwa kukaangwa, wala kwa ndimu. Aliyekula huona uso umekuwa mwekundu, kichwa chamgonga, mwili wamwasha, na pengine huhara. Samaki wa namna hiyo huenda asiwe na harufu mbaya hata kidogo, kwa hiyo usitegemee pua peke yake. Uliza alivuliwa lini na aliwekwa wapi.

Tena kuna bunju, yule avimbaye kama mpira. Asiliwe kamwe. Sumu yake iko hasa katika ini na mayai, moto hauiondoi, nayo huua. Wenyeji wa pwani walijua jambo hili tangu zamani, lakini mgeni wa bara aliyepewa samaki wa bure ufukweni huenda hajui. Mwambieni, na watoto wafundishwe kumtambua.

Wakati wa kusi, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki mara nyingi, na bei ya samaki hupanda. Wazee walikuwa na akiba ya ng'onda kwa miezi hiyo. Ng'onda mkavu huloweshwa mpaka alainike na chumvi ipungue, akaoshwa mchanga, akachambuliwa miiba, kisha akapikwa katika mchuzi ule ule wa nazi tutakaoueleza. Akiwa na ukungu, mtupe.

Kupika

Mchele uchambue, uoshe mara tatu, kisha uloweke nusu saa. Wakati huo mpare samaki magamba, mpige chale tatu kila ubavu, na umpake chumvi kijiko kimoja kidogo, ndimu moja, na punje 6 za kitunguu saumu zilizotwangwa pamoja na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Tia ndani ya chale, si juu ya ngozi tu. Mfunike nzi wasimguse.

Sasa chemsha tui jepesi lenye chumvi vijiko viwili vidogo, huku ukikoroga. Likichemka tia mchele uliochujwa maji. Koroga mara moja, na baada ya hapo usikoroge tena, kwa kuwa mchele ukikorogwa hukatika na kuwa bokoboko. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji kidogo kuliko wa mwaka jana, kwa hiyo punguza kikombe kimoja ikiwa mpunga wako umetoka shambani juzi. Tui likikaribia kukauka, na vishimo vikaonekana juu ya wali, mimina kikombe kimoja na nusu cha tui zito, ufunike, upunguze moto chini, na upalie makaa juu ya kifuniko. Uache dakika 20. Moto wa juu huufanya wali uive sawasawa bila kuungua chini. Ukoko kidogo si ungunzo, watoto huugombea.

Makaa yaliyobaki yatandaze umchome samaki juu ya wavu wa waya, au umbane katika kijiti kilichopasuliwa. Paka wavu mafuta asigande. Upande mmoja huchukua dakika 8 au 10 kwa samaki wa kilo moja hivi. Mgeuze mara moja tu. Ameiva nyama yake ikiwa nyeupe mpaka kwenye mfupa.

Wakati samaki yuko motoni, tia sufuriani tui zito lililobaki, manjano nusu kijiko kidogo, pilipili moja au mbili zilizotwangwa, na chumvi. Weka juu ya moto mdogo, na hapa usiondoke hata kama umeitwa. Koroga kwa kuteka na kumimina kwa upawa mpaka mchuzi uwe mzito kama uji mwepesi. Maji ya ukwaju, vijiko vikubwa vitatu, hutiwa mwisho kabisa. Ukitia ukali huo mapema tui litakatika, na likikatika halirudi.

Mimina nusu ya mchuzi juu ya samaki akiwa bado juu ya makaa, kidogo kidogo, umgeuze, umpake tena, mpaka ule mchuzi ushike na kuanza kupata rangi ya hudhurungi pembeni. Hiyo ndiyo sababu ya jina lake. Nusu nyingine huwekwa mezani pamoja na ndimu.

Kupakua

Katika nyumba nyingi baba na wageni hupewa minofu, na watoto hupewa wali uliomwagiwa mchuzi. Jambo hili si zuri, hata kama tumelikuta kwa wazee. Mtoto ndiye anayejenga mwili, na nyama ya samaki ndiyo ijengayo. Wali na mchuzi hushibisha tu. Kabla ya kupaka mchuzi wa pilipili, banja minofu ya watoto wadogo, ichambue miiba kwa vidole penye mwanga, na uiweke kando. Katika samaki wa kilo 1 na nusu kila mtu wa nyumbani atapata kipande chake, na baba hatalala na njaa.

Pika kiasi kitakachokwisha. Wali wa nazi huchacha upesi kuliko wali wa maji, na wali wowote uliolala katika joto la pwani huweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo haiondoki kwa kuupasha moto. Usiwape watoto kiporo hicho asubuhi. Wape kuku, na machicha ya nazi pia wapewe jioni ile ile, kabla hayajaanza kunuka.